Tundu Juu ya Alama ya Chaki

Kazini walimwita Mama Nyundo, naye hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akigonga nguzo za umeme kwa nyundo ndogo, sikio kalitega kwenye mti. Nguzo nzima hulia kwa ukali. Iliyooza ndani hutoa mlio wa debe tupu. Iliyo nzima huiwekea alama ya chaki, na mpandaji akiiona hupanda bila swali.

Asubuhi hiyo, nyuma ya karakana yao, aliipa chaki nguzo ya tisa. Umeme ulikuwa umezimwa. Mpandaji, mdogo wa mumewe, akawa anafunga mkanda wake.

"Shemeji, nikidondoka, mwambie kaka ile redio ni yangu."

"Panda huko na mdomo wako!"

Ndipo alipomwona kigong'ota, yule ndege atoboaye miti, kule juu: kichwa chekundu, mgongo wa kijani, kifua cha manjano chenye madoadoa. Binti yake alipenda sana ndege. Akampiga picha mbili kwa simu, kisha ndege akaruka, na shemeji akaanza kupanda.

Mama Nyundo akaikuza picha amtumie binti. Chini ya boriti inayobeba nyaya palikuwa na tundu jeusi, ngumi ingeingia.

Yeye hugonga mkono unapofika tu. Ndivyo walivyofundishwa wote: mti huoza kuanzia ardhini. Huko juu hakuna aliyewahi kugonga.

Shemeji alikuwa amebakiza hatua tatu.

Alifumbua mdomo aite, akaufumba. Mpandaji akiitwa huegemea mkanda, akajivuta nyuma ili atazame chini. Uzito wote ule, pale kwenye tundu! Akashika nyundo kwa mikono miwili, akagonga nguzo taratibu mara tatu, akanyamaza, akagonga tena tatu. Kwao ishara hiyo ina maana moja: shuka, usiulize.

Miguu kule juu ilisimama. Vumbi la mti lilimwangukia usoni. Hakupangusa. Hatimaye kiatu kimoja kikashuka, kisha cha pili.

"Nilishafika, shemeji! Kuna nini?"

Alimpa simu. Shemeji akatazama picha, akatazama juu, akatazama picha tena.

"Ile redio..." alianza, kisha akaufungua mkanda.

Mama Nyundo aliifuta chaki kwa kiganja. Kisha akainua macho. Nguzo zilifuatana hadi kwenye kona ya barabara, kila moja na alama yake nyeupe, na baada ya kona ziliendelea. Wiki hiyo pekee alikuwa amepitisha sitini na mbili, na wapandaji wengine wanne walikuwa kazini juu ya nguzo hizo.

Akaichukua simu, akampigia msimamizi.

"Wateremshe wote."

"Wote? Si umezipitisha mwenyewe?"

"Ndiyo maana nasema wateremshe, bosi. Wagongee tatu, kisha tatu. Usiwaite kwa sauti!"

Akatia simu mfukoni, nyundo mkononi, akaelekea kwenye kona. Kutoka nyuma ya kona, kigong'ota alianza kugonga.