Kijiji Kilichofutwa Kwenye Utafiti

Leo bosi wangu amefuta kijiji kizima huku nikimtazama.

Wakulima wa mpunga wa Idete niliwahoji mwenyewe, majarubani, tope hadi magotini. Nadharia tete yetu ilisema mafunzo huwafanya waiamini mbegu mpya.

Nikapima kwa modeli ya takwimu ya PLS, ile inayochora mishale kutoka sababu kwenda matokeo. Mshale wa mafunzo ukakataa: mafunzo hayakuonekana kuongeza imani.

"Ondoa majibu ya Idete, ndiyo yanayotuharibia," bosi akasema.

Nikadhani anatania. Akaivuta kompyuta, akafuta mwenyewe. Mshale ukakubali. Akaendelea na kitumbua chake.

Nikasimama, jamani, nikamwambia:

"Dokta, naomba jina langu litoke kwenye ripoti."

"Na mkataba wako je?"

Nikamwachia funguo za pikipiki ya mradi, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Wale wakulima wangekuwa wazazi wenu, mngenyamaza?