Vinavyofutwa Kwanza

"Tovuti au simu?" karani aliniuliza, kalamu ikiwa juu ya fomu. Nikaomba muda wa kufikiri. Nilikuwa nimemaliza shahada iliyonifundisha kubishana na kila kitu, na sasa nilikuwa nimepata nafasi ya bure ya kujifunza kuandika programu: miezi sita, mkondo mmoja, wa tovuti au wa programu za simu, hakuna kuhama. Karani akanipa hadi Jumatatu.

Nilitazama video za wataalamu. Kila mmoja alisifu mkondo uleule ambao alikuwa akiuza masomo yake. Jumamosi asubuhi kioo cha simu yangu kikapasuka, nikaipeleka kwa fundi wa simu Makongeni, mama wa asili ya Pwani aliyezaliwa papo hapo mtaani. Alikuwa na foleni, kwa hiyo nikaketi kwenye kigoda chake nikawa natazama.

Simu nyingi walizoleta wateja hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa zimejaa tu.

"Niaje, mathe," kijana mmoja alisema. "Hii simu imekataa kupiga picha."

"Imeshiba. Nitoe nini?"

"Toa hiyo programu ya kanisa."

"Ya kanisa? Mungu anakuona, wewe."

"Si ananiona hata bila hiyo?"

"Na huu mchezo wa mpira?"

"Wee! Huo usiguse."

Ilipofika zamu ya picha, mama aligeuza simu imwelekee mwenyewe, kisha yeye akatazama barabarani mpaka kijana alipomaliza kuchagua. Chuoni nilisoma kurasa nyingi kuhusu kulinda siri za watu. Sikuwahi kuona zikilindwa kwa kugeuza shingo.

Hadi alasiri nilikuwa nimehesabu: picha nyingi zilibaki, programu nyingi zilitoka. Nikamweleza shida yangu.

"Msomi mzima, wataka mimi nikuchagulie?"

"Hapana, mama. Nataka ushahidi."

"Ushahidi umeukalia tangu asubuhi." Hakuinua macho kutoka kwenye bisibisi. "Kitu ukikitia ndani ya simu ya mtu, kinagombania nafasi na picha za mtoto wake. Utamshinda mtoto?"

"Mbona mchezo wa mpira umebaki?"

"Basi tengeneza mpira, mwanangu."

Wateja waliokuwa wakisubiri wakacheka, nami nikacheka nao. Nilimwamini zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa hoja yenyewe. Hakujaribu kuziba tundu nililomwonyesha. Aliliacha wazi, akaendelea na kazi, na kioo changu kilipokaa sawasawa alikipitishia kidole pembe zote nne kabla ya kunikabidhi. Jumatatu niliandika "tovuti" kwenye fomu.

Sijajuta. Lakini nilikuwa tayari nina miaka miwili kazini, nikitafuta sababu ya ukurasa wangu kuchelewa kufunguka kwenye simu fulani, nilipogundua kwamba tovuti nazo huacha mzigo ndani ya simu: picha, michoro ya herufi, vipande vya kurasa, wakati mwingine vizito kuliko programu nzima. Nikaenda Makongeni kumuuliza mama kama alilijua hilo siku ile. Alilijua. Vitu hivyo vya tovuti ndivyo alivyokuwa akivifuta kwanza kwa kila mteja, kabla hajauliza atoe nini, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba vipo.