Mifupa Yenye Meno Yote ya Chini

Hivi nikuulize, mwanangu: mtu akipiga kelele za woga, halafu papo hapo akacheka mpaka machozi yakamtoka, huyo tuseme ameogopa au amefurahi? Usinijibu haraka. Swali hili nimekaa nalo tangu utotoni, tangu enzi za Mdachi, na juzi mjukuu wangu Nembris ndiye aliyenikumbusha.

Nembris alikwenda mjini na wenzake kuangalia sinema. Sinema yenyewe ya kutisha, na ameifuata kwa miguu yake, hakuna aliyemsukuma. Akarudi jua linazama, midomo imemkauka, anasimulia huku anacheka. Ati kuna mwanamke wa gauni jeupe, hana nyayo, anashuka ngazi bila kuzigusa. Ati yeye na rafiki yake walishikana mikono mpaka kucha zikaacha alama. Nikamwuliza kama atarudi tena kule. Akasema Jumamosi ijayo.

Baadaye kidogo nikamwona amesimama mlangoni anahamisha hamisha miguu. Kumbe anataka kwenda chooni, na choo chetu kiko nyuma ya migomba. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Bibi, nisindikize."

Msichana mzima yule, ananizidi urefu. Nikachukua fimbo yangu, nikamsindikiza, na njia nzima nilikuwa nacheka, pengo langu hili la chini lote nje. Pengo hili unaliona? Waarusha wa zamani wote tunalo. Ukiwa mdogo unang'olewa meno mawili ya mbele, ya chini, ndiyo unakuwa mtu. Nembris huwa anasema tulikuwa tunateswa bure. Haya, kila kizazi na mateso yake, wao wanajitesa kwa sinema.

Alipoanza kununa nikamwambia asinune. Mimi sinema ya kutisha nimeiona kabla mama yake hajazaliwa, kabla hata mimi sijatoga masikio. Hakuamini. Basi nikamsimulia, na wewe nakusimulia hivyo hivyo. Ukiona nimepotea njia, nivute nguo.

Kwetu ni huku magharibi mwa mlima, ukishuka kuelekea Olasiti. Nyumbani tulikuwa na baba, mama, na Koko. Koko ndiyo bibi kwa Kiarusha chetu, na huyu alikuwa mama yake baba. Mfupi, mpenda ugoro, akipiga chafya kuku wanahama uwanja. Na nilikuwa na kaka, mkubwa wetu, Lomayani. Huyo ndiye Wadachi walimchukua akabebe mizigo kwenda pwani. Wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Mmoja akasema walimwacha njiani na homa, hajiwezi. Mwingine akasema hapana, alimwona mzima, amepata kazi kwenye reli. Sasa ushike neno la nani?

Hapo uelewe mila yetu. Zamani mtu akishakufa hatumtaji jina. Tukilazimika kumsema, tunasema ni wa mbali, basi, kila mtu ameelewa. Sasa Lomayani tufanye naye nini? Ukimtaja kumbe ameshakufa, umekosea. Usipomtaja kumbe yu hai, umemzika kwa mdomo wako. Mama akashindwa kuchagua. Akawa anasema "yule" tu. Loshoro, ule uji wetu wa mahindi na maziwa ya mgando, ikipikwa anaweka kibuyu pembeni, anasema hiki cha yule. Mvua zikaja zikaenda, kibuyu kinawekwa, kinaondolewa, na jina la kaka yangu halisikiki nyumbani kama vile limekatazwa na serikali.

Basi ndipo Mdachi mmoja, mwenye shamba la kahawa chini ya kwetu, akapata mgeni kutoka kwao, na mgeni akaja na sanduku. Sanduku la chuma, jeusi. Tumboni lina taa ya mafuta, mbele lina jicho la kioo, juu lina bomba linatoa moshi. Picha zimechorwa kwenye vioo, anavipitisha kwa mkono, zinatokea kubwa kwenye shuka. Nembris anasema hiyo siyo sinema. Mimi namwambia, ungekuwepo ungeiita sinema na ungetafuta wa kukusindikiza.

Aliyetumwa kutangaza alikuwa mpishi wa yule Mdachi, mtu wa Pangani, kanzu safi, Kiarusha chake cha kuokoteza. Alitaka kusema tutaona picha za watu wa Ulaya, nchi ya mbali. Akasimama njiapanda, akatangaza kwamba kesho, ndani ya ghala la kahawa, mtawaona watu wa mbali, wamesimama ukutani.

Wewe fikiria. Yeye akarudi zake jikoni kukaanga vitunguu, huku nyuma ameacha watu hawalali. Watu wa mbali, wamesimama ukutani. Mama hakugusa chakula. Alisema neno moja tu, kwamba kama yumo, atamwona. Baba akasema yeye haendi kwenye mambo ya namna hiyo, na asubuhi ndiye wa kwanza kuvaa.

Tukaenda jua la mchana linachoma. Ghalani giza tupu, madirisha yamezibwa kwa majani makavu ya migomba, ndani kunanuka magunia na mafuta ya taa. Mlangoni amesimama askari na kiboko chake. Mikuki ilibaki nje, huo ndio ulikuwa utaratibu. Wanaume huku, wanawake kule, mimi katikati ya mama na Koko.

Mambo yakaanza. Ukatokea mlima wenye theluji, watu wakanong'ona kwamba ni Kibo. Akatokea mzee wa kofia. Akatokea mama wa Kizungu na kapu la maua. Mimi, mwanangu, shuka sikuliangalia sana. Nilikuwa nausikiliza mkono wa mama. Kila picha ikitaka kutokea, mkono unanibana mpaka mfupa. Picha ikitokea, si yeye, mkono unalegea. Unabana, unalegea. Nikawa hata mimi nahema kwa kufuata mkono ule.

Halafu akaja simba. Yule mgeni analisukuma sanduku, na simba anakua, anakua, mdomo wazi, anatufuata. Kulikuwa na murani mmoja, kijana wa jirani, siku zote anatuambia namna alivyomkabili simba peke yake kule porini. Huyo akaruka juu ya magunia, akavurumisha rungu lake. Rungu likatoboa shuka, simba akabaki na tundu kwenye paji la uso, bado anatuchekea. Hapo tukanyamaza wote, maana tulikumbuka askari na kiboko. Woga wa simba ukatutoka mara moja, ukaingia ule wa kweli. Lakini mke wa Mdachi akaangua kicheko, mumewe akacheka, na sisi ndipo tukathubutu. Basi picha zote zilizofuata zina tundu pajini. Kijana akaitwa Tundu mpaka alipozeeka.

Nilidhani imekwisha. Ndipo ikatokea mifupa.

Mifupa ya mtu mzima, imesimama, mikono inaning'inia. Yule mgeni akagusa kitu kwenye kioo, na taya likaanza kufunguka na kufunga, kama linatafuta neno. Ghala zima likapiga kelele. Mkono wa mama ukabana, nami nikangoja ulegee. Haukulegea. Ukiona uso unasema huyu si wangu. Mifupa haina uso, mwanangu. Mifupa inaweza kuwa ya mtu yeyote. Mama akaanza kutetemeka mwili mzima, nikasikia anasema kwa sauti ya ndani kabisa, "Ni yule. Anataka kusema."

Mimi mkojo ulinitoka, sikufichi.

Koko akasimama. Akaniminya bega kwanza, halafu akapita katikati ya watu, kibibi kifupi na shuka lake begani, akaenda moja kwa moja mpaka mbele. Alipofika kwenye mwanga mifupa ikamvaa yeye mgongoni. Watu wakapiga kelele upya, maana sasa mifupa ina Koko ndani yake. Yeye akanyoosha kidole, akakigusa kitambaa pale kwenye taya, akakisugua kama anavyosugua ngozi ya mbuzi kuona imekauka. Akasogeza macho karibu. Taya linafunguka, linafunga, na yeye anachungulia mdomoni.

Akageuka, mifupa sasa iko usoni kwake, akatuambia kwa utulivu, "Huyu si wa kwetu. Ana meno yote ya chini."

Halafu mzee mmoja kule kwa wanaume akasema ni kweli, tazameni. Tukatazama. Meno yote yamepangana, hakuna pengo. Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena. Watu walikuwa wanafunguana midomo, wanaonyeshana mapengo, wanaume wazima wanaegemeana kama walevi. Koko naye, vumbi la magunia na ugoro vimemwingia, akapiga chafya mbele ya lile shuka, na hata mke wa Mdachi akakaa chini kwa kicheko. Mkono wa mama ukalegea wote. Aliegemea bega langu dogo, analia na kucheka kwa pamoja, na mimi sikujua nimfute machozi au nicheke naye. Nikafanya yote mawili.

Kisha askari akafungua mlango. Jua likaingia, na mifupa ikapotea. Likabaki shuka lenye tundu na alama ya kidole chenye ugoro.

Nje, watu wakatawanyika kwa kelele, sisi tukasimama kando ya mfereji. Koko akanawa mikono taratibu. Halafu akamwambia mama, na maneno haya nayajua kama ninavyojua jina langu: "Mle ndani tumelilia kitambaa mpaka mtu akaenda kukigusa. Na hiki kifo cha Lomayani, nani kati yetu amekigusa kwa mkono?"

Mama alishtuka kama amechapwa. Jina lile. Baba akatazama chini. Koko hakungoja jibu. Akageukia mashariki, njia ya pwani, akaita kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe wakati wa jioni, "Lomayani. Lomayani we. Kibuyu chako kinachacha." Akamtazama mama. Mama akafungua mdomo mara ya kwanza, hamna kitu. Ya pili likatoka, dogo, limekwaruza. Halafu likatoka zima. Tulirudi nyumbani tunamwita kaka yangu njia nzima kama vichaa, na jioni ile mama akala loshoro, akaongeza.

Sitakudanganya kwamba sanduku la Mdachi lilijua habari za kaka yangu. Halikujua lolote. Koko mwenyewe alijua halijui. Lakini tuliingia mle na woga wa kweli tumeuficha kifuani, ule woga wa mchezo ukauvuta nje, tukauona, tukaucheka, na tulipotoka mdomo ulikuwa umefunguka.

Na Lomayani alirudi. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Amekonda, anachechemea, kofia ya reli kichwani, amesimama langoni anaona haya kama mgeni. Mama alidondosha maziwa. Koko, pale alipokaa, hata hakuinuka. Alimwambia amechelewa, ameitwa tangu siku ya mifupa. Kaka hakuelewa kitu. Akajua tu kwamba alipofika jina lake lilikuwa tayari linatumika, halikuwa na vumbi.

Kwa hiyo mimi sikukatazi sinema, mwanangu. Nenda. Piga kelele, mshike mwenzako, cheka. Mwili una woga wake, nao unataka kutembezwa kama ng'ombe, ukifungiwa unaharibika. Uzuri wa woga wa sinema ni kwamba una mlango. Watafungua, jua litaingia, utarudi nyumbani. Ila ukimwona mwenzako ndani ya giza lile anatetemeka kupita wengine, usimcheke. Hujui yeye anamwona nani pale kwenye shuka. Mpe mkono. Na ule woga wako mwingine, usio na mlango, ule unaokufanya useme "yule" badala ya jina, au upite mbali na nyumba ya mtu, au usiulize swali kwa kuogopa jibu, huo usiutazame kutoka kule nyuma ghalani. Inuka, uende mbele, uuguse kwa kidole. Mara nyingi utakuta kitambaa. Na siku ukikuta si kitambaa, basi angalau umejua, na waliokupenda watakuwa wamesimama nyuma yako.

Sogea hapa nikutemee mate ya baraka kichwani, kama Koko alivyonitemea mimi. Mungu akupe macho ya kuchungulia mdomo wa kinachokutisha. Kinywa chako kisikose jina la kuita, na kila unayemwita aitike.

Ndivyo nilivyombariki Nembris pia, tukiwa bado nyuma ya migomba, maana hadithi yote hii nilimsimulia nje ya mlango wa choo, yeye akiwa ndani. Alipotoka akainama nikamtemea kichwani, kisha akanishika mkono, akasema Jumamosi nitakwenda naye mjini kuiona ile sinema ya mwanamke asiye na nyayo. Nikamwonya kwamba mimi nina tabia za Koko, nikikaa pale naweza kuinuka kwenda kumtazama huyo mwanamke kwa karibu, na watu wote watatugeukia. Akafikiri kidogo, maana wasichana wa siku hizi wanaogopa aibu kuliko mifupa. Halafu akaniahidi: "Ukiinuka, Bibi, na mimi nainuka. Sitawaambia watu huyu bibi simjui."