Chuma Kilichomshinda Mama

Sisi tuliokulia kijijini Kirolirwe enzi zile tulijua kwamba chombo cha kazi hakichaguliwi kwa macho. Papa alikuwa akitengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao zinazoshuka milimani na magunia ya viazi. Akipenda msumeno au nyundo sokoni, humpa kwanza Mama ajitwike kichwani, atembee nayo kidogo. Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu kuuma.

"Kama mama yenu hawezi kuibeba, haiko ya kwetu," alisema Papa.

Tulidhani ni utani wake tu, hadi siku vita vilipotukimbiza mpaka Kashuga, kila kitu chetu kikiwa vichwani.

Kitu kimoja tu kilimshinda Mama, na Papa akakinunua hivyo hivyo: etau, kile chuma kizito cha kubana mbao mezani. Bila hicho gurudumu halikai sawa. Basi kila tulipokimbia, alikipaka mafuta ya mawese, akakizungushia gunia, akakifukia nyuma ya migomba na kupanda maharagwe juu yake. Tukirudi, hata moto haujawashwa, tunagombania majembe. Aliyekigonga wa kwanza alipewa kipande kikubwa cha fromage, jibini ya kwetu. Mlio ule wa jembe kwenye chuma bado ninao masikioni, na harufu ya mawese yenye udongo.

Papa hayupo tena, na karakana ya nyumbani ni yangu. Natafuta mashine ndogo ya kuchonga chuma, ile mafundi wanaiita fraiseuse, nitengeneze vipuri vya pikipiki badala ya kuhangaika na tupa kutwa nzima. Binti yangu Neema ananichagulia kwenye simu. Watoto wa leo bwana, kidole kinapita tu!

"Papa, hii njo ya muzuri, iko na rangi ya bleu."

Hiyo ya bluu ni nyepesi, mtu mmoja anaibeba. Lakini mashine nyepesi hutetemeka ikikutana na chuma, na kipuri kinatoka kimepinda. Ile imara inataka wanaume wanne kuinyanyua. Nilipomweleza Mama, aliacha kumenya maharagwe.

"Na tukikimbia, nani ataibeba?"

Swali hilo liliniuma, kwa sababu nami nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo kila nikitazama zile picha za mashine kwenye simu.

"Mama, nimechoka kuchagua vitu vya kukimbia nayo. Nitaleta ile nzito."

Mama aliinuka polepole, akaingia ndani, akatoka na jembe la Papa.

"Basi chimba tundu yake kwanza," akasema. "Na ikuwe kubwa."

Enzi zetu tungeligombania jembe lile. Juzi nilichimba peke yangu nyuma ya migomba, Neema amesimama kando na simu yake ananipiga picha, akiuliza tunapanda nini.