Kitabu Chenye Viraka vya Leso

Kukaa kitako kumenishinda tangu utotoni. Mamangu alikuwa akisema nimezaliwa na siafu miguuni, na kweli, hata darasani nafundisha nikitembea. Sasa mtu kama mimi ndiye ambaye mkuu wa idara alimkabidhi kitabu cha hisabati cha wanafunzi wa uhandisi, kizito kama tofali. "Kipekue, Mwalimu," aliniambia. "Kabla muhula haujaisha utuambie kama kinawafaa vijana wetu. Utakalosema ndilo tutakalofuata."

Kukisoma hakukuwa kazi. Kilikuwa kizuri, lazima niseme haki: michoro ya rangi, herufi kubwa, na kila swali jibu lake liko papo hapo chini yake, hatua kwa hatua, bila kukufichia kitu. Lakini mimi hisabati hizo nazijua, na kitabu cha mwanafunzi hakipimwi na anayejua. Nilitaka mtu asiyejua. Alikuwako, nyumbani kwa kaka yangu.

Binti wa kaka yangu alikuwa akisomea uhandisi wa mitambo katika chuo chetu cha ufundi. Anataka kutengeneza winchi za kuinulia makontena. Hilo ndilo neno lake tangu mdogo, alipokuwa akipitishwa Shimanzi, kando ya bandari, na babake na kukataa kuondoka. Masomo mengine yote anayaweza. Hisabati ilikuwa imemwangusha mara mbili, na kanuni ya chuo haina huruma: ukianguka mara ya tatu, unarudi kwenu. Na kaka yangu, ambaye ulimi wake hauna breki, alikuwa ameshasema mbele ya watu, "Akianguka tena, basi, akapinde leso na mamake." Mamake, wifi yangu, ana cherahani yake kwenye duka moja Biashara Street, anapinda leso za watu, kushona pindo za kanga, tangu asubuhi mpaka maduka yafungwe. Siku ile naye alikuwapo, akasikia kila neno. Niliumia kuliko nilivyoonyesha.

Basi nikampa yule binti kitabu, nikamwambia kila alasiri aje kwangu tukijaribu.

Nakaa Mji wa Kale, ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe ambayo ngazi zake zinamtoa mtu roho. Alikuja. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba, panda, chai iko." Akatandaza karatasi zake mezani chini ya boriti za dari, nami nikaanza kuzunguka. Dirishani, mlangoni, jikoni, tena dirishani. Chini tuktuk mbili zimekutana kichochoroni, zapigiana honi na hakuna anayetaka kurudi nyuma.

"Shangazi, wanitia kizunguzungu."

"Wewe soma, niachie miguu yangu."

Na mambo yakawa mazuri! Nafunga kitabu, namwambia aniandikie mfano wa tatu wa sura ya boriti na mizigo inayobebwa, anauteremsha mstari kwa mstari bila kusita. Mfano wa tano, vile vile. Mtoto aliyekuwa akikunja uso akisikia tu neno hisabati sasa anatania, na mahamri yangu anayamaliza. Wifi yangu akanipigia simu: "Wifi, mwanangu yuwaimba akipiga deki. Mungu akuweke." Nikachukua kalamu, nikaanza ripoti yangu: kitabu hiki kinafaa sana.

Siku moja nikasimama nyuma yake akiandika. "Kama ionekanavyo katika mchoro hapo juu," aliandika, akaendelea zake. Nikatazama hapo juu. Hapakuwa na mchoro. Palikuwa na karatasi nyeupe tu.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo si la kusahauliwa. Mtoto huyu alihifadhi Kurani yote akiwa bado msichana mdogo; madrasa nzima walikuwa wakimtolea mfano. Ukurasa ukishapita machoni pake, umekaa. Kitabu kile, kwa ukarimu wake wote wa kuonyesha kila kitu, kilimpa cha kuhifadhi, naye alikihifadhi, tena vizuri mno.

Nimwambie, nisimwambie? Mtihani ulikuwa umekaribia. Nikimwambia, namvunja, na sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu alipoanguka mara ya pili. Nikinyamaza, mtihani wenyewe utamwambia, na huo ukishasema hakuna marudio. Niliogopa, wallahi. Siku kadhaa nilizunguka vichochoroni bila sababu, natoka kununua ndimu narudi bila ndimu. Mwisho nikaona heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mfano wa kwanza wa boriti, mle kitabuni, ulikuwa na mzigo katikati kabisa, na kila ukuta unabeba nusu yake. Nikaliandika swali lile lile, ila mzigo nikausogeza karibu na ukuta mmoja. Akatabasamu, akashuka nalo mbio. Mstari wa kwanza: kila ukuta unabeba nusu.

"Ala! Nusu imetoka wapi?"

"Ndivyo ilivyo, Shangazi."

"Hebu tazama juu." Nikamwonyesha boriti za dari. "Nikining'inia pale, karibu na ukuta huu, kwa mwili wangu huu, ukuta wa kule utabeba nusu yangu?"

Alitazama boriti, akatazama karatasi. "Lakini kitabu..."

"Kitabu hakiingii chumba cha mtihani! Mzigo nimeusogeza na hukuuona, kwa sababu swali hukulisoma. Umeona neno boriti, ukaanza kusoma kwa moyo. Hisabati hii huijui, mwanangu. Umeihifadhi."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Ndio mdomo wangu. Akakusanya karatasi, akavaa buibui lake, akachukua na kitabu. Mlangoni akageuka, macho yamemjaa machozi. "Si ungeniacha tu nifurahi mpaka siku yenyewe," akasema, akashuka ngazi.

Hakuja kesho yake wala kesho kutwa. Simu hashiki. Nikaenda mpaka Biashara Street. Wifi yangu hakusimamisha cherahani.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Nimemwambia kweli."

"Na hiyo kweli yako haitiwi sukari?" Akakata uzi kwa meno. "Alikuja hapa, hakunena na mtu. Akajaza mfuko vipande vya leso, akachukua sindano na uzi, akenda zake."

Nikajua keshakubali maneno ya babake, keshaacha. Nilirudi nyumbani kwa miguu, najitukana njia nzima, na mtu mmoja aliyenisalimia sikumjibu.

Siku iliyofuata nikasikia hatua ngazini. Akaingia, akanipa shikamoo ya baridi, akaweka kitabu mezani. Kilikuwa kimenenepa. Nikakifungua. Juu ya kila jibu palikuwa na kiraka cha leso, chekundu, cheusi, cha manjano, kimeshonewa kwenye ukurasa kwa ile mishono mikubwa ya bandi, ya kushikiza tu. Maswali yako wazi, majibu yamefunikwa, kitabu kizima.

"Ebo! Kitabu cha watu hiki!"

"Umesema nahifadhi," akanijibu. "Basi, nisichokiona sitakihifadhi. Nikishafika mwisho mwenyewe ndipo nafumua. Nawe usinisaidie."

Hapo ndipo nilipoteseka kweli. Kukaa na mtu anayehangaika, na jibu unalo mdomoni! Anaanza na swali moja kwenye chai, inafika adhana ya magharibi bado analo. Anafuta, anaandika, anafuta, analia. "Siwezi, Shangazi, siwezi." Ulimi unaniwasha. Nikifunua mdomo tu ananinyooshea kidole mlangoni: "Nenda ukazunguke." Nafukuzwa nyumbani kwangu mwenyewe! Nikawa nakwenda kwa muuza kahawa wa pembeni, nakunywa kikombe, napanda, bado. Nashuka tena. Muuza kahawa akaniuliza kama nyumbani nina mgonjwa. Siku nyingine nilimkuta ameshika kiraka juu kama bendera, nyuzi zimetapakaa mezani. Siku nyingine alifumua, akaona amekosea, akakishona tena huku akinung'unika, akaanza upya.

Siku ya mtihani nilizunguka uani pale chuoni mpaka askari wa getini akaniletea kiti. Sikukikalia. Alipotoka nikamkimbilia.

"Mzigo waliusogeza," akasema.

"Na wewe?"

"Nina njaa, Shangazi."

Na mimi, na mdomo wangu wote huu, sikuthubutu kuuliza zaidi.

Matokeo yakakawia. Idara nayo yadai kitabu chake pamoja na ripoti, na ripoti yangu bado ina mstari mmoja tu, ule wa kinafaa sana, ambao kila nikiutazama naona haya. Alasiri moja nikachukua wembe nianze kufumua viraka vilivyobaki, yeye yuko jikoni anatia chai. Sura za mwanzo zilikuwa wazi zote, vitobo vya sindano tu vimebaki. Za katikati, kiraka hapa na pale. Nikafika sura ya mwisho, inayorudi kwenye boriti kwa maswali magumu kuliko yote. Viraka vyake vyote viko. Hakuna uzi hata mmoja uliokatwa.

Nikapanda moto. "Sura hii hukuigusa! Umeingia mtihanini na sura nzima hujaigusa?"

Akatoka na birika mkononi, akachungulia. "Hiyo? Nimeifanya yote."

"Na viraka mbona viko?"

"Sikuwa na haja ya kuangalia."

"Kamdanganye mwingine."

"Haya." Akaweka birika chini. "Chagua swali. Sogeza utakacho."

Nikachagua lile lililonitoa jasho mimi mwenyewe, nikaligeuza kichwa chini miguu juu, nikamsukumia. Hakushika kalamu. Alilisoma, akalisoma tena, akainua macho kwenye boriti za dari, akakaa hivyo.

"Ncha hii imejengewa ndani ya ukuta, au imelazwa tu juu yake?" akaniuliza. "Hukusema, na jibu si moja."

Kweli, sikuwa nimesema. Nilisahau mimi, mwalimu. Na siku zote zile za mwanzo, alipokuwa akiniteremshia mifano na mimi nikifurahi, hakuwahi kuniuliza swali hata moja. Matokeo yalitoka wiki kadhaa baadaye, na alipita. Kaka yangu alinipigia simu akipayuka kwa furaha, na leso hakuzitaja. Lakini habari hiyo mimi niliipata alasiri ile.

"Imejengewa," nikamwambia.

Akainamia karatasi. Nikaufuta ule mstari wangu, nikaandika kwamba kitabu kinamfaa mwanafunzi yule tu atakayefunikiwa majibu, na kwamba nitakirudisha idarani na viraka vyake. Kisha nikaweka wembe pembeni, nikavuta kiti, nikakaa kitako mpaka alipomaliza.