Fundo la Pili

Kamba ya mgomba ikilowa ina harufu yake. Si harufu mbaya. Ni kama chai iliyolala kwenye sufuria, ikachanganyika na tope. Hapa Buterere watu huifungia mizigo ya kuni, majani ya ng'ombe, hata mlango wa banda la mbuzi, na mtu akinipita na mzigo wake baada ya mvua, ulimi wangu unakauka. Harufu za watu wengine hukaa puani. Hii yangu imekaa mdomoni, na nitaeleza kwa nini, ingawa nilikuwa nimekusudia kufa nayo. Mnisamehe mkiona nazunguka. Shule niliiachia darasa la nne, na mtu asiyezoea kuandika huandika anavyoongea, anaanzia hapa anatokea kule.

Msimu wa mbio kwetu ulikuwa msimu wa ndege. Mpunga ukianza kujaa maziwa, ndege wadogo wanashuka kama wingu, na watoto wote tunatolewa nyumbani tukaulinde. Ndege humfukuzi ukiwa umekaa. Unakimbia juu ya tuta, na tuta lenyewe upana wake ni miguu miwili iliyobanana, huku maji na huku maji, unapiga kopo, unapiga kelele, ukifika mwisho wa jaruba ndege wameshahamia ulikotoka. Hivyo tangu asubuhi hadi jua linakwenda kuzama upande wa Kongo, wiki baada ya wiki. Kwa hiyo Mwalimu Siriaki, aliyekuwa akiwafundisha watoto wa parokia yetu mbio za nyika, hakuhangaika kutafuta wakimbiaji. Alisimama barabarani na baiskeli yake, akatazama ni nani anawachosha ndege.

Aliyewachosha kuliko wote alikuwa Bahati. Mama yake alikuja kutoka upande wa Uvira, akawa anauza ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo mbele ya nyumba yao, na mtu akimsifia mtoto alikuwa akisema, "Huyu hana miguu, ana baiskeli mbili ndani ya suruali." Bahati alikuwa mwembamba, masikio makubwa, na akikimbia husikii anapopumua. Mimi nilikuwa wa pili. Sisemi mara nyingine wa pili. Kila siku wa pili, mpaka akanipa jina la Mukia. Alikuwa hageuki nyuma akikimbia. Anapaza sauti tu kule mbele, "Mukia, uko?" nami najibu, "Niko." Hapo anaongeza mwendo. Watoto wengine walicheka, na mimi nilicheka nao, lakini jioni nikinawa miguu nilikuwa nikilisema jina hilo peke yangu, polepole, na halikuwa linachekesha.

Mazoezi yalikuwa mara tatu kwa wiki, na kila Jumamosi mashindano. Mwalimu alitupitisha kwenye tope linalofika magotini ili miguu izoee uzito, kisha kwenye changarawe za barabara ili nyayo zisiwe na maringo. Viatu hakuna. Tulisugua visigino kwa jiwe, tulikunywa maji ya chumvi, na mama yangu alikuwa akinichotea maharage ya chini ya chungu, yale mazito, ambayo kwa haki yalikuwa ya baba. Jambo moja mwalimu alilishika sana, tusikimbie midomo wazi. Alikuwa akitupitia na fimbo ndogo, asipige mtu, aguse tu kidevu. "Funga. We ni samaki?" Mpaka leo nikipanda ngazi za ofisi kule mjini Rohero nafunga mdomo, mzee mzima, pua zinapiga filimbi.

Sasa niseme habari ya kamba. Njia ya Jumamosi ilianzia uwanja wa kanisa, ikafuata mfereji mkubwa, ikazunguka majaruba mpaka kwenye lango la maji kule mwisho, ndipo turudi. Mwanzoni tuliaminiana. Kisha watoto wawili wakakata njia katikati ya mpunga wa mama mmoja, na yule mama akaja kanisani na jembe begani, akamwuliza mwalimu kama anafundisha mbio au anafundisha nguruwe. Tangu siku hiyo mwalimu akamweka mzee Petero, katekista wetu wa zamani, pale kwenye lango la maji na fungu la kamba za mgomba. Ukifika unanyosha mkono, anakufunga kamba kwenye kifundo cha mkono, fundo la kwanza, fundo la pili, unaondoka. Ukirudi uwanjani bila kamba, hukufika. Hakuna maneno. Mzee Petero alikuwa anafunga vizuri ila taratibu, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, na Bahati hakuwahi kungoja fundo la pili. Likikaza la kwanza anachomoa mkono, ameshaondoka. Mimi nilikuwa nangoja. Wa pili hana haraka ya namna ile.

Mwisho wa msimu ule kulikuwa na kamio, lori kubwa, itakayowapeleka wakimbiaji milimani, kukimbia na watoto wa mikoa mingine. Nafasi sita. Tano zilikuwa za wakubwa, zimeshajulikana. Moja ilibaki kwa sisi wadogo, naye atakayeipata atapewa na raba za kitambaa, nyeupe, mpya. Mwalimu alizining'iniza kwenye usukani wa baiskeli wiki nzima. Sijui kama alijua anachofanya. Nilikuwa nakwenda kuzinusa.

Jumamosi yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Matuta yalikuwa yanateleza kama sabuni, na sehemu moja karibu na nyumba za Buterere maji yalikuwa yamebomoa tuta kabisa, unashuka ndani ya tope mpaka kiunoni, unapanda ng'ambo ya pili kwa mikono. Tulipofika kwenye lango la maji, Bahati alikuwa amenitangulia hatua kama ishirini. Nilimwona kwa macho yangu akinyosha mkono. Nilimwona mzee Petero akikaza fundo, na Bahati akichomoa mkono. Nikafungwa na mimi, mafundo yote mawili, nikamfuata. Nyuma yetu hakukuwa na mtu wa karibu.

Pale penye tuta lililobomoka nilimwona akipanda ng'ambo, nami nikaingia majini. Kamba yake ilikuwa inaelea mbele yangu, imezunguka kama mduara, fundo moja limefunguka nusu. Nikaichukua. Na hapa nawaomba mniamini, maana ni kitu pekee kizuri nilicho nacho katika habari hii. Niliichukua nimpelekee. Sikuwa na shati, kaptula yangu haikuwa na mfuko, na ile kingo ilitaka mikono miwili. Nikaitia mdomoni, nikapanda.

Nilipofika juu alikuwa mbali kidogo, na akaita bila kugeuka, kama siku zote. "Mukia, uko?"

Sikujibu. Kwanza sikujibu kwa sababu mdomo umejaa. Ningeweza kuitema kiganjani nikajibu, ni kitu cha nukta moja. Akaita tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapunguza mwendo na kugeuka, akidhani nimezama. Aliponiona nimesimama juu ya tuta akacheka, akanipungia ule mkono usio na kitu, akaendelea. Hakuutazama. Na mimi nikaanza kukimbia nyuma yake, na kila hatua niliiambia nafsi yangu kwamba nitamwita hatua inayofuata. Kutoka pale hadi uwanjani ni mbali. Ni hatua nyingi sana za kumwita mtu.

Alifika wa kwanza. Watu walipiga makofi, mama yake alirusha kitenge juu. Mwalimu akamshika mkono, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Kamba iko wapi?"

"Mi nilifika, mwalimu. Mzee alinifunga. Apana, ilikuwa hapa." Akautazama mkono wake kama anauuliza. Kisha akaniona nafika, uso wake ukafunguka. "Huyu alikuwa nyuma yangu. Muulize Mukia. Yeye atasema."

Mwalimu akanigeukia. Aliuangalia mkono wangu, kamba ipo, mafundo mawili. "Ulimwona akifungwa kule?"

Nilitikisa kichwa. Hivi, kushoto kulia, mara moja. Nilikuwa nahema kwa pua, machozi yananitoka kwa kukosa pumzi, na kamba ya Bahati imekunjamana kwenye shavu langu. Mwalimu akawaambia wengine, "Mwaona huyu? Hata sasa amefunga mdomo." Akanishika kichwa. Mzee Petero aliporudi akitembea na fimbo yake aliulizwa yeye pia, akasema yeye hufunga mikono, nyuso hazioni, na mikono yote ya watoto ikiwa na tope ni mkono mmoja. Ikaisha hivyo. Bahati hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Ni kweli sikungoja fundo la pili."

Niliitema kwenye mfereji, jua likiwa bado juu. Nusu yake nilikuwa nimeshaitafuna. Nyumbani mama alinipakulia maharage ya chini ya chungu nikayala yote, na kila kijiko kilikuwa na ladha ya mgomba.

Siku ya kamio Bahati alikuja kuniaga. Alileta ndagala za kukaanga ndani ya jani, mama yake amenitumia, nikale njiani. Akaniambia, "Kule usingoje mutu. Ukikaa wa pili utazoea." Tukapita Rohero, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuona mji, na soko kuu, lile lililokuja kuungua, na watu wanaotembea bila kubeba kitu. Sikuona raha yoyote. Milimani kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma meno. Raba zilinitoa malengelenge kabla hatujafika nusu ya njia, nikazivua, nikakimbia nazo mkononi, nikamaliza karibu na wa mwisho. Mwalimu Siriaki hakunikaripia. Alisema kama anaongea na baiskeli yake, "Hapa Bahati angetufaa." Msimu uliofuata Bahati hakurudi kukimbia. Mwalimu alimwita mara mbili, akasema yeye mtu wa kupoteza vitu, asisumbuliwe. Kabla ya mavuno mama yake alifunga ungo wake, wakavuka kurudi Uvira.

Miaka imepita mingi. Nimetengeneza baiskeli, nimeoa, nimezika, nimekimbia pia mbio nyingine ambazo hakuna aliyeniandalia raba, na wenzangu wa umri wangu wanajua nasema nini. Majaruba mengi sasa ni nyumba, na maji yakija huingia nyumbani yakijua njia yake ya zamani. Katika mafuriko ya juzi nilikuwa nimesimama barabarani nikitazama godoro langu linaelea, nikasikia nyuma yangu sauti ya kizee. "Mukia, uko?"

Nilijibu kabla sijageuka. "Niko." Alikuwa amekuja kumwangalia binti yake aliyeolewa hapa. Masikio ni yale yale, magoti ndiyo yamekwisha. Alikuwa na wajukuu watatu, akawaambia, "Huyu alikuwa anakimbia, nyie. Na mimi nilikuwa namshinda, lakini nilikuwa na haraka ya kijinga." Akawasimulia habari ya mzee Petero na mafundo mawili, yote, na yule mdogo akaimalizia kwa mdomo wake mwenyewe kama mtoto anayejua sala. Nikatambua kwamba nyumba ile nzima imelelewa juu ya kosa ambalo si lake. Akifunga mtoto kiatu, fundo la pili. Akifunga mzigo, fundo la pili. Nilifungua mdomo, nikamwuliza hali ya magoti.

Mjukuu wangu Nadine naye anakimbia, hapo shuleni. Ana viatu, ana namba kifuani, na mwalimu wake ana simu inayohesabu. Wiki iliyopita alinionyesha kwenye simu yake watu wa nchi za barafu wanavyoshindana, wamevaa mbao ndefu miguuni, wanateleza msituni kama sisi juu ya matuta. Walipofika mwisho walianguka kifudifudi, midomo wazi, mate yamewaganda kidevuni, nami nikawaonea huruma maana uso ule naujua. Nikamwuliza, hawa nani anajua kama wamezunguka njia yote. Akanionyesha kitu kidogo kimefungwa juu ya kiatu, akasema kile kinaieleza mashine. Nikauliza, na kikidondoka? "Wanafunga viwili, babu. Kila mguu chake." Siku zetu mashine ilikuwa ni yule anayekufuata.

Tangu yale mafuriko Bahati hunitumia sauti kila Jumapili kwenye simu ya Nadine, kutoka ng'ambo kule. Ni maneno mawili tu, anacheka, anakata. Nami nabonyeza pale ninapoonyeshwa, nasema "Niko," inakwenda. Nadine ndiye aliyeyanyosha haya niliyoandika, kwa hiyo ameshajua. Siku mbili hakupita kwangu akitoka mazoezini. Nilimwomba Jumapili hii amsomee Bahati yote, sauti yake ni nzuri kuliko yangu. Akakataa. Akasema nitasoma mwenyewe, yeye atashika simu. Leo ni Alhamisi, na nimeanza kujizoeza kusoma kwa sauti, lakini kila nikifika pale kwenye tuta lililobomoka, mdomo unajifunga.