Mbingu ya Mtutuni

Kila msimu wa kuwinda kulungu ukikaribia, yule mzee jirani wa Arlene hukata makopo ya bia, akakunja vikombe vya alumini vidogo kama ukucha, akavibandika kwenye vitako vya risasi alizosubu mwenyewe. Kila kimoja hukivuta kwa kucha kuona kama kimeshika. Kikibanduka kikabaki mtutuni, bunduki itampasukia usoni atakayepiga tena. Ndiyo maana, kule kwenye shimo la changarawe wanakojaribia shabaha, kila mlio ukiisha huipokea bunduki kwa Arlene, akaifungua, akachungulia mbingu kupitia mtutu.

"Mbingu bado ipo, mzee?" Arlene humtania, risasi nyingine tayari kiganjani.

"Ipo. Piga, binti."

Leo alichungulia, akapangusa jicho, akachungulia tena.

"Mzee?"

"Haipo."

Akasukuma ufito mtutuni taratibu. Kikombe kikadondoka kiganjani mwa Arlene, kando ya risasi aliyokuwa tayari kuipiga, kingali na joto.